Mimba ikiharibika: Sheria inasema nini, na nani anapaswa kulisema kwa sauti?

Binti akianza kuvuja damu usiku wa manane hapa Umwe, mzazi hubaki na maswali mawili kichwani. La kwanza ni la usafiri: nani ana bodaboda saa hii, na je, Kituo cha Afya Ikwiriri kitatosha au itabidi avushwe daraja apelekwe Hospitali ya Wilaya kule Utete? Swali la pili halisemwi kwa sauti: tukifika, watamtibu kwanza au watamwita polisi kwanza?

Swali la pili ndilo linaloua. Kwa ajili yake binti hufichwa chumbani, hunyweshwa maji ya mizizi, majirani huambiwa ana hedhi nzito, na homa inapopanda siku ya tatu ndipo anapakiwa pikipiki akiwa hajitambui. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa anayeficha maradhi huwa ni familia nzima, na kinachoifanya ifiche ni kuogopa sheria ambayo wengi hawajawahi kuisoma.

Wiki hii tuisome. Tutaanza na mwili wa mgonjwa, kisha sheria ya Tanzania kama ilivyoandikwa. Baada ya hapo tutavuka mpaka hadi Kenya, ambako Mwanasheria Mkuu wa Serikali ameshtakiwa mahakamani katika kesi mbili kubwa zinazohusu suala hili. Msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo: kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika si kosa, hata kama mimba hiyo ilitolewa makusudi.

Mimba huharibika kwa njia nyingi

Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 hutoka zenyewe, nyingi katika wiki 12 za mwanzo. Mara nyingi sababu ni kasoro katika vinasaba vya kijusi, jambo ambalo mama hakulifanya na hakuweza kulizuia. Malaria kali, kisukari kisichodhibitiwa, shinikizo la damu na kaswende pia huharibu mimba. Katika bonde la Rufiji, ambako mbu hawakosekani, malaria peke yake inatosha kumfanya mjamzito awahi kliniki na alale ndani ya chandarua.

Wapo pia wanaojaribu kuitoa mimba wenyewe, kwa vidonge vya kuuziwa kwa siri, kwa vijiti, kwa majani au kwa mikono ya mtu asiye na taaluma. Utafiti wa Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, uliofanywa pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), ulikadiria kuwa mwaka 2013 wanawake wa Tanzania walitoa mimba takriban 405,000. Waliotibiwa madhara yake katika vituo vya afya walikadiriwa kuwa 66,600. Wapo wengine walioumia vilevile lakini hawakufika kituoni kabisa.

Mgonjwa anapopokelewa, mara nyingi mhudumu hawezi kujua kwa kumtazama tu kama mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa. Tiba ni ileile. Damu inayotoka husimamishwa, mabaki yaliyomo kwenye kizazi huondolewa, maambukizi huzuiwa kwa dawa, na mgonjwa huongezewa maji au damu ikihitajika. Kizazi husafishwa kwa pampu ya mkono au kwa dawa iitwayo misoprostoli, na kwa wagonjwa wengi hakuna haja ya kupasuliwa. Kitaalamu hii inaitwa huduma baada ya mimba kuharibika. Ni huduma inayotambuliwa na Wizara ya Afya, na wahudumu hufundishwa kuitoa.

Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, anapaswa pia kuzungumziwa uzazi wa mpango. Wanawake wengi hawajui kuwa yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili tu baada ya mimba kutoka.

Dalili ambazo hazingoji asubuhi

Mwanamke au msichana yeyote mwenye mimba, au anayehisiwa kuwa nayo, apelekwe kituo cha afya mara moja akionyesha mojawapo ya haya:

- Damu inayolowesha pedi mbili au zaidi kwa saa moja, au inayotoka na mabonge makubwa.
- Homa, kutetemeka, au uchafu wenye harufu mbaya ukeni.
- Maumivu makali ya tumbo yasiyotulia, au tumbo kuwa gumu kama ubao.
- Kizunguzungu, kuzimia, jasho la baridi, au viganja na midomo kupauka.
- Maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo yakiambatana na maumivu ya bega.

Dalili ya mwisho yaweza kuashiria mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mimba ya namna hiyo haiwezi kukua hadi mtoto azaliwe, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani ya tumbo huku nje hakuna tone linaloonekana. Tiba yake ya dharura ni upasuaji, na daktari anayeufanya anaokoa uhai.

Sheria ya Tanzania imeandika nini

Sheria inayohusika ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Vifungu vya kukumbuka ni vitano.

Kifungu cha 150 kinamhusu mtu anayesababisha, au anayekusudia kusababisha, mimba ya mwanamke itoke isivyo halali. Adhabu ni kifungo cha miaka 14. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, na adhabu ni miaka saba. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au vifaa huku akijua vitatumika kwa kazi hiyo, na adhabu ni miaka mitatu. Kifungu cha 219 kinahusu kumuua mtoto ambaye angeweza kuzaliwa hai, na mimba ya wiki 28 huchukuliwa kuwa imefikia hatua hiyo. Hapo adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, ila sheria inamtoa aliyetenda kwa nia njema kwa ajili tu ya kuokoa maisha ya mama.

Kisha kuna kifungu cha 230, ambacho wananchi wengi hawajapata kukisikia. Kinasema mtu hatakuwa na hatia akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi unaofaa, kwa manufaa ya mgonjwa, au kwa kijusi ili kuokoa maisha ya mama, iwapo kufanya hivyo ni jambo la busara kwa kuzingatia hali ya mgonjwa wakati huo.

Ukivisoma vifungu hivi pamoja, unaona mambo mawili. Kwanza, kosa ni kutoa mimba "isivyo halali". Maneno hayo yanaonyesha kuwa ipo njia iliyo halali, nayo ni ya kuokoa maisha ya mama. Pili, hakuna kifungu hata kimoja kinachosema kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwishatoka ni kosa. Muuguzi anayezuia damu havunji sheria. Mzazi anayempeleka bintiye hospitali havunji sheria.

Tanzania pia iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007. Huu ni mkataba wa nchi za Afrika kuhusu haki za wanawake, na Ibara yake ya 14 inazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba kitabibu pale mimba imetokana na kubakwa, kushambuliwa kingono au uhusiano wa maharimu, pale inapohatarisha afya ya mwili au akili ya mama, na pale inapohatarisha maisha ya mama au ya kijusi. Hata hivyo, kwa utaratibu wetu mkataba hauwi sheria ya kutumika mahakamani mpaka Bunge litunge sheria ya kuutekeleza. Kwa hiyo msichana aliyebakwa na kupata mimba bado anaishi chini ya Kanuni ya Adhabu, ambayo haikutaja kubakwa kuwa sababu.

Pengo hilo kati ya kilichoridhiwa na kilichotungwa ndilo linalowachanganya wahudumu wengi. Na mhudumu aliyechanganyikiwa humuogopa mgonjwa wake.

Kenya: Mwanasheria Mkuu kizimbani

Twende Kenya kwa sababu sheria zetu ni ndugu. Zote mbili zilitoka kwa Mwingereza. Vifungu vya 158, 159 na 160 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya vina adhabu zilezile za miaka 14, saba na mitatu. Tofauti ilikuja mwaka 2010, Wakenya walipopitisha Katiba mpya. Ibara ya 26(4) inasema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa pale ambapo kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Kenya ikatoa mwongozo wa kuwaelekeza wahudumu namna ya kutekeleza Ibara hiyo. Desemba 2013 Mkurugenzi wa Huduma za Tiba akauondoa. Februari 2014 ukafuata waraka uliowakataza wahudumu kuhudhuria mafunzo ya utoaji mimba salama. Katiba ilibaki palepale, lakini muuguzi wa zamu ya usiku hakuwa tena na karatasi ya kumwambia afanye nini.

Mwaka huo huo wa 2014 msichana mmoja wa miaka 14 alibakwa, akapata mimba, akapelekwa kwa mtu asiye na taaluma. Figo zake ziliharibika na alifariki mwaka 2018. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, pamoja na mama wa msichana huyo na wenzao walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2015. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi ilifunguliwa Githu Muigai akiwa katika kiti hicho, na ikaamuliwa wakati wa Paul Kihara Kariuki. Upande wa Serikali ulitetea hatua ya wizara.

Tarehe 12 Juni 2019 majaji watano walitoa uamuzi. Walisema kuondoa mwongozo na kukataza mafunzo kulikiuka haki za wanawake, na kwamba mimba iliyotokana na kubakwa inaweza kuwa sababu halali pale mtaalamu anapoona afya ya mama, ya mwili au ya akili, imo hatarini. Familia ya msichana iliamriwa kulipwa fidia ya Sh3 milioni za Kenya.

Wakati wino wa hukumu hiyo haujakauka, kikatokea kisa cha pili, safari hii Kilifi, pwani ya wavuvi na wakulima wa minazi kama wetu. Septemba 2019 mwanafunzi wa sekondari alifika kwenye zahanati akiwa na maumivu na akivuja damu. Tabibu alimpima, akabaini mimba imetoka, akamtibu. Polisi wakaivamia zahanati, wakakatiza matibabu, wakachukua kumbukumbu za mgonjwa, wakawakamata msichana na tabibu wote wawili. Msichana alipelekwa kupimwa tena bila ridhaa yake na baadaye akawekwa mahabusu ya watoto. Zahanati ilifungwa.

Wawili hao walifungua kesi Mahakama Kuu ya Malindi, na Mwanasheria Mkuu akawa mshtakiwa tena, safari hii pamoja na vyombo vya mashtaka na polisi. Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi aliamua kuwa kuwakamata na kuwashtaki wagonjwa na wahudumu kiholela ni kinyume cha Katiba, kwamba mazungumzo ya mgonjwa na mganga wake ni siri, na kwamba polisi hawawezi kuweka maoni yao mahali pa maoni ya mtaalamu wa afya. Alilitaka pia Bunge litunge sheria ya kuiwezesha Ibara ya 26(4). Uamuzi huo ulipelekwa Mahakama ya Rufani, na mabishano kuhusu upana wa haki hiyo ni makali hadi leo. Lakini maneno ya Katiba kuhusu matibabu ya dharura hayajafutwa.

Rekodi ya ofisi hiyo inatufundisha nini

Mtu anaweza kusema Mwanasheria Mkuu alifanya kazi yake tu, kwa sababu kazi yake ni kuitetea Serikali mahakamani. Ni kweli, na si haki kumlaumu wakili kwa kumtetea mteja wake. Lakini Mwanasheria Mkuu ana kofia mbili. Yeye ni wakili wa Serikali pale mambo yanapokwishaharibika, na pia ni mshauri mkuu wa sheria wa Serikali kabla hayajaharibika. Kofia hiyo ya pili ndiyo inayomgusa mgonjwa. Waziri akiuliza, "Tuuondoe mwongozo huu?", mshauri ana nafasi ya kumwambia: usiuondoe kabla hujaweka mwingine, maana sheria itabaki na mhudumu ataachwa gizani. Mkuu wa polisi akiuliza, "Tuingie zahanati?", mshauri ana nafasi ya kumwambia: mgonjwa amalize matibabu kwanza.

Kongo inaonyesha barua moja inavyoweza kufanya kazi. Itifaki ya Maputo ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la nchi hiyo Machi 2018. Mwezi uliofuata, Benoît Lwamba, aliyekuwa rais wa Mahakama ya Katiba na kiongozi wa Baraza Kuu la Mahakama, aliwaandikia waraka majaji na waendesha mashtaka akiwaelekeza kutekeleza Ibara ya 14. Kanuni ya Adhabu ya Kongo haikubadilishwa siku ile. Kilichobadilika ni kwamba ofisa wa sheria mwenye mamlaka aliandika kwa lugha ya wazi kile ambacho nchi ilikwisha kukikubali.

Mambo yanaweza pia kwenda upande wa pili. Marekani ina sheria ya mwaka 1994 inayokataza kuzuia watu kwa nguvu au kwa vitisho wasiingie kliniki za uzazi. Januari 2025 Rais Donald Trump aliwasamehe watu 23 waliotiwa hatiani kwa sheria hiyo, na Wizara ya Sheria ikaelekeza isitumike isipokuwa katika mazingira maalumu. Sheria haikufutwa. Aliyebadilika ni mwenye kuishika.

Na kwetu, kalamu iko mkononi mwa nani?

Tanzania ina ofisi mbili za kuangaliwa. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwa Ibara ya 59 ya Katiba, ndiye mshauri wa Serikali katika mambo ya sheria. Mkurugenzi wa Mashtaka, anayejulikana kwa kifupi DPP, ndiye mwenye mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka ya jinai. Ibara ya 59B inamtaka azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na masilahi ya umma.

Pima mambo hayo matatu juu ya kitanda cha mgonjwa. Je, haki inatendeka pale msichana wa miaka 16 aliyepewa mimba na mtu mzima anahojiwa na polisi akiwa na dripu mkononi, huku mtu mzima yule akiwa ameshahama kijiji? Je, si matumizi mabaya ya taratibu pale kumbukumbu za matibabu zinapochukuliwa kumtishia nesi? Na umma unanufaika vipi kama kesi moja ya namna hiyo itawafanya wasichana kumi wengine wafie nyumbani?

Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikwisha kulijibu hili. Katika tafsiri yake ya Ibara ya 14 ya Itifaki ya Maputo, iliyotolewa mwaka 2014, ilisema wanawake hawapaswi kufunguliwa mashtaka kwa kupata huduma wanazostahili za utoaji mimba au huduma baada ya mimba kuharibika, na wahudumu hawapaswi kuishi kwa hofu ya mashtaka au kulipiziwa kisasi.

Tanzania imepiga hatua kubwa ya kuokoa kina mama. Utafiti wa hali ya afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Utafiti huohuo wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Hao ndio wenye sababu nyingi zaidi za kuficha. Waraka wa wazi kutoka kwa Mwanasheria Mkuu na DPP kwenda kwa waendesha mashtaka, polisi na waganga wafawidhi, unaosema mgonjwa hakamatwi kitandani na anayemtibu hashtakiwi kwa kumtibu, hauhitaji jengo jipya wala mashine. Unahitaji kalamu na sahihi.

Mzazi afanye nini leo

Waraka huo haupaswi kungojwa na anayevuja damu usiku huu. Haya ndiyo ya kufanya.

Piga 115. Hii ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakati wa dharura. Kwa walio kwenye visiwa vya delta, ambako safari hutegemea maji kujaa na kupwa, piga mapema, usingoje hali izidi. Dalili ya kwanza ya hatari ndiyo saa ya kutafuta boti ya kwenda Nyamisati.

Mwambie mhudumu ukweli. Taja mimba ilikuwa na miezi mingapi, damu imeanza lini, na kama kuna kitu kilichonywewa au kuingizwa. Hayo yanamsaidia kuchagua dawa. Maadili ya taaluma yanamtaka atunze siri ya mgonjwa. Mwache binti azungumze naye peke yake dakika chache, kwani yapo mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema mbele ya baba, wala mbele ya mama.

Usikubali tiba ingoje karatasi. Pale kosa la jinai linapohusika, kama ubakaji, fomu ya polisi ya PF3 itahitajika kwa ajili ya kesi, lakini damu husimamishwa kwanza, fomu ifuate.

Kama binti amebakwa, saa ni za kuhesabu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri vikimezwa mapema, na havipaswi kupita siku tano. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawati la Jinsia na Watoto liko katika vituo vya polisi, na simu ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto ni 116, bila malipo.

Mtu akikutisha kwamba atakuripoti usipompa fedha, huyo anatafuta rushwa. Simu ya TAKUKURU ni 113. Polisi akija kweli, uliza jina lake na kituo chake, omba mgonjwa amalize matibabu, na mtafute ofisa ustawi wa jamii wa wilaya au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hawa, na huduma yao ni ya bure.

Angalia pia ni nani anayemletea binti "vidonge". Sheria ya Elimu inatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Mwanamume mwenye hofu ya miaka hiyo ana sababu ya kutaka mimba ipotee haraka na kimya, na hatakuwepo damu itakapoanza. Binti akiletewa vidonge na mtu wa namna hiyo, yeye ndiye anayehitaji kulindwa.

Mwisho, mzazi azungumze na binti yake kabla ya yote haya. Amwambie kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliopata mimba kurudi shuleni baada ya kujifungua, hivyo mimba si mwisho wa masomo. Amwambie pia kwamba likitokea lolote, hata lile linalotia aibu, mlango wa kwanza kugonga ni wa nyumbani, na wa pili ni wa kituo cha afya. Binti anayejua hilo mapema huja akiwa bado anatembea kwa miguu yake.